Mkunjo usiotaka kutoka kwenye makali ya kisu

Kisu kimepita kwenye kinoo nusu saa nzima na kinanyoa vinyweleo vya mkono, lakini mgebuka wa nne haujaisha kuparwa kimeanza kuteleza juu ya ngozi. Wapara samaki wa Kibirizi na Katonga, mialo ya Kigoma, wanaijua hali hiyo, na lawama hurushiwa chuma: visu vya siku hizi bati tupu. Chuma kina makosa yake, tutayafikia. Ila mara nyingi kinachosumbua ni utepe mwembamba ulioachwa ukining'inia kwenye makali wakati wa kunoa. Hapa tutauita mkunjo.

Mkunjo hutokea hivi. Kinoo kinakula chuma upande mmoja hadi mteremko wa upande huo ukutane na mteremko wa upande wa pili. Pale inapokutana, chuma kimekuwa chembamba mno kuhimili mgandamizo, kwa hiyo kinainama na kulalia upande ambao haujaguswa na jiwe. Kuuona si balaa, maana unakuonyesha kwamba umefika kwenye makali. Kazi ni kuuondoa bila kuharibu makali yaliyo chini yake, na mkunjo huzaliwa na mkono mzito, huondoka kwa mkono mwepesi. Anayeona mkunjo mgumu akaongeza nguvu anautengeneza upya kila anapopitisha kisu.

Kuutambua kwanza

Pitisha kidole gumba polepole kutoka mgongo wa kisu kuelekea makali, umalizie hewani. Kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Upande wenye mkunjo kidole hukwama kidogo, kama kimegusa ukingo wa kopo lililofunguliwa. Upande wa pili huteleza. Pima sehemu tatu: kisiginoni karibu na mpini, katikati, na nchani. Vidole vilivyokomaa kwa kazi hupoteza hisia, hivyo kwa mtu anayepara samaki kila siku pamba ni shahidi bora. Buruta kipande cha pamba, au soksi ya nailoni, kutoka mgongoni kwenda nje, na nyuzi zitanasa palipo na mkunjo.

Tochi ya simu nayo husaidia. Elekeza makali juu, mulika kwa mbele, geuzageuza kisu taratibu. Makali yaliyokamilika hayana upana wa kurudisha mwanga, kwa hiyo hayaonekani. Ukiona mstari au nukta nyeupe, hapo pana ubutu au mkunjo, na kidole kitakuambia ni kipi kati ya hivyo viwili. Halafu kata karatasi nyembamba. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya dukani, inafaa kuliko karatasi ya daftari. Kisu kikichana mahali pale pale kila mara, weka alama hapo kwa maka peni.

Kinanyoa, kisha kinakufa baada ya samaki watatu

Hii ndiyo dalili inayodanganya watu wengi. Mkunjo haukuondolewa, umesimamishwa tu ukakaa wima kwenye mstari wa makali. Kwa kuwa ni mwembamba kuliko wembe, unanyoa na kukata karatasi vizuri sana, hata mnoaji anatabasamu. Ukigonga mfupa au ubao unalala, na kuanzia hapo unachokatia ni mgongo wa utepe.

Kuhakikisha, chukua kipande cha mti laini na ukikate kwa uzito wa kisu peke yake mara tatu, bila kukandamiza. Rudi kwenye risiti. Kama ukali umeshuka ghafla, ulikuwa mkunjo. Kama umebaki vile vile, makali ni ya kweli. Jaribio hili lifanyike kila baada ya kunoa, kabla ya kisu kwenda mwaloni.

Unahama upande huu kwenda upande ule, hauishi

Unanoa kulia, mkunjo unatokea kushoto. Unanoa kushoto, unarudi kulia. Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima na milimita nzima ya chuma. Sababu ni kwamba kila mpito unauinamisha mkunjo badala ya kuukata. Ukiendelea hivyo utakatika siku moja, kama waya uliopindwa mara nyingi, lakini utakatikia shinani na kuacha makali yenye mapengo yasiyoonekana kwa macho.

Anza na nguvu ya mkono. Weka kinoo juu ya mizani ya jikoni au ya dukani, uirudishe kwenye sifuri, kisha noa huku ukitazama namba. Wengi hushangaa kukuta wanakandamiza kilo 4 au 5. Kwa kula chuma upande mkavu wa jiwe, yaani ule wenye chembe kubwa, kilo 2 zinatosha. Mkunjo ukishajitokeza urefu wote, shuka hadi nusu kilo. Mipito ya mwisho iwe gramu 100 hadi 150, yaani karibu na uzito wa kisu chenyewe. Baada ya dakika kumi za kutazama mizani mkono unakumbuka, na hutaihitaji tena.

La pili ni mwelekeo. Wakati wa kuondoa mkunjo, makali yatangulie, kama unataka kumenya ngozi nyembamba juu ya jiwe. Hapo chembe za jiwe zinakutana na mkunjo ana kwa ana na kuukata. Ukivuta kisu kinyumenyume, makali yakifuata nyuma, chuma laini kinaburutwa kuelekea nje na utepe unarefuka. Wanaonoa kwa kusugua mbele na nyuma bila kuinua kisu wanafanya yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana hawaumalizi. Kusugua hivyo kunafaa mwanzo tu, wakati wa kula chuma.

Utaratibu unaofanya kazi kwa kisu cha kawaida cha jikoni au cha samaki ni huu. Kwenye upande mkavu wa kinoo, noa upande mmoja hadi mkunjo uonekane urefu wote, kisha geuza ufanye vivyo hivyo. Acha hapo hapo. Kila mpito wa ziada unaukuza. Usikimbilie jiwe laini bado, kwa sababu jiwe laini halina meno ya kukata mkunjo mkubwa. Ukiwa bado kwenye jiwe lile lile, punguza nguvu na upitishe mara 10 kila upande, kisha 5, kisha 3, makali yakitangulia. Malizia kwa mpito mmoja mmoja ukibadilisha upande, jumla mara 10.

Hamia upande laini. Rudia ile ya mmoja mmoja, mara 10 hadi 15 kila upande, kwa uzito wa kisu tu. Pima kwa pamba. Kama bado kuna mabaki, inua mgongo wa kisu kidogo kuliko pembe uliyonolea, kama digrii 5. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4 hiyo ni milimita 3 tu. Pitisha mara mbili kila upande, mwepesi kabisa, makali yakitangulia. Kwa pembe hiyo jiwe linagusa mkunjo peke yake na kuufyeka. Kisha rudi kwenye pembe ya mwanzo, pitisha mara tatu au nne mmoja mmoja ili kufuta kijipembe ulichoacha. Ukizidisha hiyo mipito miwili ikawa kumi, umejitengenezea makali manene.

Mwisho ni ngozi. Mkanda wa zamani uliogundishwa kwenye ubao, upande wa ndani ukiwa juu, unatosha. Hapa makali yanafuata nyuma daima, la sivyo utaichana ngozi. Mara 5 hadi 10 kila upande. Dawa ya kung'arishia ya kijani, ile ngumu kama chaki yenye oksidi ya kromi, inaharakisha kazi. Ile ya kusagia valvu inayouzwa kwenye maduka ya spea haifai, kwani chembe zake ni kubwa na zitakuletea mkunjo mpya. Pasipo ngozi, kunja gazeti mara nne juu ya ubao au tandika kipande cha jinzi kilichovutwa kikakaza.

Pasipo jiwe laini, pindua kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyopakwa mng'ao ni jiwe laini zuri tu. Ilowanishe, ushike kikombe kisichezecheze, na upitishe kisu kwa uzito wake.

Nusu saa, na hakuna mkunjo kabisa

Hapa hakuna cha kuondoa kwa sababu hujafika kwenye makali. Kinoo kinakula bega la mteremko, na ukali unabaki ulivyokuwa. Paka mteremko wote maka peni, pitisha kisu mara tatu, kisha tazama. Rangi ikibaki karibu na makali, mgongo uko chini mno, uinue. Ikiondoka kwenye makali peke yake, mgongo uko juu mno. Ikiondoka yote, pembe ni sahihi na kinachohitajika ni uvumilivu.

Kwa visu vya jikoni digrii 15 hadi 20 kila upande zinafaa, na za juu zaidi ndizo za chuma laini. Kuzipata bila kifaa, kunja pembe mraba ya karatasi katikati, upate digrii 45. Kunja tena, upate 22 na nusu. Ukiikunja pembe mraba mafungu matatu sawa, kisha fungu moja nusu, unapata 15 kamili. Simamisha karatasi hiyo kando ya jiwe. Wanaopenda rula: kisu chenye upana wa sentimita 2, mgongo uinuke milimita 5 kwa digrii 15 au 7 kwa digrii 20, upana wa sentimita 3, milimita 8 au 10, upana wa sentimita 4, milimita 10 au 14.

Jiwe lililochimbika katikati nalo huharibu pembe, maana kisu kinapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Lisawazishe kwenye sakafu ya saruji kwa maji na mchanga uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una punje kubwa zinazochimba mifereji, kwa hiyo chekecha kwa chujio la chai. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe na usugue hadi yote ifutike.

Umebaki nchani au kisiginoni tu

Katikati pako safi, ila ncha inanasa pamba. Ncha inapinda, na mkono usipoinua mpini kidogo inapofika pale, pembe inapungua na jiwe haligusi makali. Inua mpini taratibu kadiri kisu kinavyofikia mpindo. Kisigino hukosa kwa sababu nyingine: mpini au kishikio cha chuma kinagonga ukingo wa jiwe kabla makali hayajalala. Weka kisu kwa mshazari kama digrii 45 juu ya jiwe, kisigino kitafika. Shughulikia sehemu hizo peke yake. Hakuna sababu ya kuanza kisu kizima.

Mkunjo umetoka, na kisu kimekuwa butu

Kuna wanaovuta makali kwenye ukingo wa gogo la kukatia au kizibo ili kuung'oa mkunjo. Njia hiyo si mbaya, lakini ni ya mkunjo ambao umeshakondeshwa na jiwe. Ukiifanya kwenye mkunjo mnene, unang'oka na nyama ya makali. Rudi kwenye jiwe laini, mipito 20 mmoja mmoja, uanze upya kupima.

Sababu ya pili ni ngozi. Ukikandamiza, ngozi inabonyea na kuupanda mteremko, ikiviringisha makali. Hali kadhalika ukiinua mgongo mwisho wa mpito, kosa ambalo karibu kila mtu analo na hajui. Simamisha kisu kwanza, ndipo ukiinue.

Kidole kinakwama pande zote mbili

Huo huenda si mkunjo. Kisu kinachotumika kwenye samaki wa chumvi kikilala bila kuoshwa, chumvi inakula makali na kuacha vishimo. Hata chuma kinachosemwa hakishiki kutu hupata vishimo vya chumvi. Vile vile kisu kilichogonga mifupa kinakuwa na meno. Tofauti yake: mkunjo unakwama kwa kidole kinachotoka mgongoni kwenda nje, na upande mmoja kuliko mwingine. Vishimo vinaonekana kwa tochi kama nukta zilizoachana na havihami ukinoa upande wa pili. Tiba yake ni kula chuma kwenye upande mkavu hadi chini ya vishimo. Hakuna njia ya mkato.

Baada ya kupitishwa kwenye mashine

Mota ya jiwe la mezani kwenye umeme wetu wa Hz 50 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na grenda ndogo ya mkononi karibu 11,000. Baiskeli ya mnoaji wa mtaani iko mbali chini ya hapo, na kwa visu vyembamba hiyo ni faida. Mashine inaleta mambo mawili: mkunjo mkubwa unaoonekana kwa macho, na joto. Mkunjo wa mashine usiupeleke moja kwa moja kwenye jiwe laini wala ngozi. Anzia upande mkavu wa kinoo, makali yakitangulia.

Joto ndilo hatari. Chuma cha kawaida kinachoshika kutu hugeuka rangi ya majani makavu karibu na nyuzi joto 220, na bluu karibu 300. Chenye bluu kimelainika, na chuma kilicholainika kinatoa mkunjo usioisha, kwa kuwa kinapindika kama madini ya risasi badala ya kukatika. Kisichoshika kutu huchelewa kubadilika rangi, kwa hiyo kinaweza kuungua usione dalili. Kama kila kitu kiko sawa na bado mkunjo unarudi baada ya mashine, kula nusu milimita hadi milimita moja ya makali kwa mkono, ufikie chuma kisichoungua. Ukilazimika kutumia mashine, chovya kisu kwenye maji kila baada ya sekunde mbili, na kisipokamatika kwa vidole umeshachelewa.

Jiwe linateleza, halikati

Kigoma mawese yako kila jiko, na mkono huyafikia kwanza. Usiyatie kwenye kinoo. Yanaganda, yanaziba matundu ya jiwe pamoja na vumbi la chuma, na baada ya wiki chache jiwe linang'aa kama kigae. Jiwe lililoziba halikati, linakandamiza, na kukandamiza ndiko kunakozaa mkunjo. Alizeti na karanga nayo hunata yakikaa. Tumia maji, au mafuta ya taa kwa jiwe ambalo limeshazoea mafuta. Ila ukitumia mafuta ya taa, osha kisu kwa sabuni, samaki anadaka harufu hiyo haraka. Jiwe lililoziba lisugue kwa brashi, maji ya moto na sabuni ya unga, ulichane uso wake kwenye saruji kama ilivyoelezwa juu.

Na kama kosa ni la chuma

Visu vyembamba vinavyopigwa kwa mashine kutoka kwenye bati moja, vile vya bei ya chini, huwa laini. Chuma laini hunyumbulika, kwa hiyo mkunjo wake unang'ang'ania. Vipe digrii 20 kila upande, vinoe mara kwa mara kwa mkono mwepesi, wala usivipeleke kwenye jiwe laini kuliko namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi). Makali yenye meno kidogo yanashika ngozi ya samaki vizuri zaidi. Visu vya wahunzi vilivyotengenezwa kwa springi za gari ni vizuri sana vikichovywa sawasawa, yaani vikizamishwa vikiwa vya moto ili chuma kiwe kigumu. Kupima, gusa makali kwa tupa mpya. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma kama inavyouma msumari, kisu hakikuchovywa au kiliungua. Kirudishe kwa mhunzi, kinoo hakitakiponya.

Fimbo ya bucha yenye mistari haiondoi mkunjo mkubwa, huusimamisha tu na kuongeza mwingine mdogo. Itumie kwenye kisu ambacho tayari ni safi, mara tatu kila upande.

Panga la kukatia miti halihitaji haya yote. Digrii 25 kila upande, tupa ikisukumwa kuelekea nje ya makali kwa usalama wa mkono, kisha mipito mitano myepesi kila upande kwa jiwe kavu, makali yakitangulia. Mkunjo mdogo utakaobaki utaisha kwenye mti wa kwanza.

Kisu cha samaki hakipewi ruhusa hiyo. Vipande vya mkunjo vinavyokatika kwenye jiwe na ngozi vinabaki juu ya bapa, na vinaingia kwenye nyama. Osha kwa sabuni, futa kutoka mgongoni kuelekea makali kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na kitambaa kikionyesha weusi au punje zinazong'aa, futa tena kabla ya kugusa chakula.